Kirusi kinachorudi kila ukikifuta

Kile kidirisha cheusi kilikuwa kinakaa kwenye skrini muda wa kupepesa jicho tu. Unawasha kompyuta, unaingiza pasiwedi, mashine inatulia, alafu pap, kidirisha kinafunguka na kujifunga kabla hujasoma hata herufi moja. Mara ya kwanza nikadhani ni update. Mara ya pili nikadhani ni macho yangu yamechoka. Baadaye nikaanza kukivizia, nikagundua kinatokea kila baada ya dakika 30, iwe natumia mashine au nimeiacha imekaa tu, na hapo ndo moyo ukaanza kwenda mbio, maana kompyuta ikiharibika huwa inaharibika ovyo ovyo, haifuati saa. Hiki kilikuwa kinafuata saa. Kuna mtu alikipangia.

Dalili zingine zilikuwepo ila nilizipuuza. Ukitafuta kitu kwenye brauza inakupitisha kwanza kwenye anwani moja ya ajabu, inapita haraka sana, ndo inakuletea matokeo, na matokeo ya juu yote ni matangazo. Na Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, kila asubuhi ilikuwa inaniambia imekuta kitu kibaya na imekiondoa. Jina lile lile, folda ile ile. Kesho yake inakikuta tena na inakiondoa tena, na mimi nikawa naona mbona kazi inafanyika, si imesema imeondoa.

Nilipambana peke yangu siku tisa. Nayaandika haya kwa sababu najua kuna mtu sa hivi yuko siku ya tatu au ya nne ya mapambano kama hayo na anafanya nilichokuwa nafanya mimi, yaani kufuta. Ile folda ilikuwa ndani ya AppData, sehemu iliyofichwa ambamo programu zinatunza vitu vyake, kwenye folda ndogo ya Roaming, jina lake ni herufi zisizo na maana yoyote kama mtu kaegemea keyboard. Nikaifuta, nikawasha mashine upya, folda ipo. Nikaingia Safe Mode, yaani Windows ikiwashwa na vitu vya lazima tu, nikaifuta huko, nikakaa karibu saa nzima sijaona kidirisha cheusi, nikafurahi kweli nikijua nimeshinda. Nikawasha kawaida, nusu saa haijaisha, folda imerudi na faili lake ndani kama vile sijawahi kuigusa. Nikaweka antivirusi ya pili. Nikaweka ya tatu juu ya hizo mbili, mashine ikaanza kutambaa, kwa sababu kila antivirusi inataka iwe ya kwanza kukagua kila faili linalofunguliwa, sasa zikiwa kadhaa kwa pamoja zinagombania faili moja na zinatiliana mashaka zenyewe kwa zenyewe. Nilikuwa nimeongeza tatizo juu ya tatizo.

Na kutafuta msaada mtandaoni ukiwa na hofu ni hatari yake nyingine, hili nataka nilisemee kwa uchungu kabisa. Unaandika jina la kirusi unauliza namna ya kukitoa, unaletewa kurasa nyingi ambazo zote zinaishia sehemu moja, pakua programu hii, skani bure, alafu ikishakutisha kwa orodha ndefu ya vitu vyekundu inakwambia lipia ndo itoe. Nyingine zinakurushia onyo kubwa lenye kelele na namba ya simu, eti mashine imefungwa piga simu upesi. Ukipiga, anayepokea ndiye mwizi. Microsoft wenyewe wameshasema wazi kwamba maonyo yao halisi hayawekwi namba ya simu hata siku moja, kwahiyo ukiona namba hapo, funga brauza, ikigoma kufungika zima mashine. Siku hizi kuna ujanja mwingine umesambaa sana kuanzia 2024, ukurasa unakwambia thibitisha kwamba wewe ni binadamu, bonyeza kitufe cha Windows na R, alafu Ctrl na V, alafu Enter. Yaani unapeste amri ya mwizi kwa mkono wako mwenyewe na kuiendesha. Hakuna uthibitisho wa kweli unaofanyika hivyo, popote pale.

Siku ya kumi nikampigia shemeji. Yeye kazi yake ni kuangalia seva za watu usiku, na muda wote nilikuwa sitaki kumsumbua. Swali lake la kwanza halikuhusu kirusi kabisa. Aliniuliza, "Shemeji, mpaka sasa umegusa nini?" Nikaanza kuzunguka zunguka. Akasema, "Hapana, nitajie kimoja kimoja, tena hasa vile usivyotaka nivijue." Nikamtajia vyote, zile antivirusi, kufuta folda, na programu moja ya kusafisha rejistri, lile daftari la mipangilio ya Windows, ambayo hata sikumbuki niliitoa wapi. Akanyamaza kidogo alafu akaniambia kuanzia sasa hivi chomoa waya wa intaneti, zima wifi, na usifute chochote tena, wala usiskani, mpaka nikwambie.

Hilo la kutofuta ndo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Unakijua kirusi kilipo, unaiona folda yake, na unaambiwa kiache. Lakini akanielewesha. Kila ninachofuta ni alama ninayoipoteza. Yeye hayuko mbele ya mashine, anategemea alama zilizobaki ili ajue hiki kitu kinaamkia wapi, na mimi siku tisa nimekuwa nafuta nyayo za mwizi nikidhani namfukuza mwizi.

Kabla hata hatujaigusa kompyuta akanipa kazi ya kufanya kwenye simu. Badilisha pasiwedi, anza na ya imeili kwa sababu hiyo ndo inafungua zingine zote, alafu benki, alafu zinazofuata, na kila sehemu tafuta pale pa kutoka kwenye vifaa vyote. Nikamuuliza kutoka kwenye vifaa vyote kwa nini, si nimeshabadilisha pasiwedi? Akanieleza kitu ambacho nilikuwa sikijui. Ukishaingia kwenye akaunti, brauza inatunza kuki, kama tiketi hivi ya kuonyesha kwamba huyu ameshapita mlangoni. Virusi vingi vya siku hizi vinabeba hizo tiketi. Mwizi akishakuwa nayo hahitaji pasiwedi yako, na hata ule msimbo unaokuja kwenye simu hataulizwa, na kwenye akaunti nyingine hata ukibadilisha pasiwedi tiketi ya zamani inaendelea kufanya kazi mpaka uiue kwa kutoka kila mahali. Alisikitika kweli aliposikia kwamba ndani ya zile siku tisa nilikuwa nafungua imeili kwenye mashine ile ile. Hakunigombeza. Alisema tu hii kazi ya simu ingepaswa kuwa ya kwanza, siku ile ile ya kwanza.

Alafu akataka ripoti. Nikachukua flashi isiyo na kitu, nikaenda kwenye mashine nyingine safi nikapakua programu inaitwa FRST, ni programu inayotumiwa sana na watu wanaosaidia wengine kutoa virusi wakiwa mbali. Kwa namna alivyoitumia, kazi yake ya kwanza haikuwa kutoa chochote. Inapita kwenye mashine na kuandika, programu gani zinaamka Windows ikiwaka, kazi gani zimepangiwa muda, huduma gani zinatembea nyuma ya pazia, brauza zina nini, mafaili gani yameingia mwezi huu, na mwisho inakuachia mafaili mawili ya maandishi, FRST.txt na Addition.txt. Nikayahamisha kwa flashi ile ile, mafaili hayo mawili tu, nikamtumia.

Alichukua jioni mbili kuyasoma. Mimi niliyafungua nikaona mistari na mistari ya majina ambayo yote yanafanana kwangu, nikafunga. Na hapa ndo niliona msaada wa kweli ni upi, shemeji hakuwa na programu kali kuliko zangu, alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kusoma mstari kwa mstari mpaka auone ule ambao haukai sawa na wenzake.

Jioni ya pili akapiga. Akasema fungua ripoti, tafuta sehemu ya kazi zilizopangiwa muda. Kulikuwa na kazi moja yenye jina linalofanana kabisa na lile la kuupdate brauza, herufi moja tu imezidi. Inaamka mtu akiingia, alafu inarudia kila dakika 30. Ile ndo saa niliyokuwa naihesabu! Na amri yake ilikuwa inaita PowerShell, ambayo ni programu halali ya Windows yenyewe ya kuendesha amri za maandishi, imeambiwa ifungue dirisha lililofichwa, alafu -enc, alafu mkia mrefu wa herufi unaoanza na JAB na kuendelea mistari kadhaa bila nafasi hata moja. Shemeji akasema akiona -enc na JAB vimefuatana anaacha alichokuwa anakunywa. Hayo maandishi ni amri iliyovishwa nguo ya herufi ili mtu asiisome kwa macho, na amri nyingi za PowerShell zinaanza na alama ya dola, ambayo ikivishwa hivyo inatoka kama JA, na herufi ndogo ikifuata inakuwa JAB. Akaivua kwake huko, akanisomea. Ilikuwa inasema, nenda kwenye rejistri sehemu fulani, chukua kilichoandikwa pale, kiendeshe. Na kilichoandikwa pale kilikuwa kinaitengeneza ile folda yangu na faili lake upya.

Kwahiyo faili nililokuwa nafuta siku zote lilikuwa tunda tu. Mti uko kwenye rejistri, na anayeumwagilia maji ni ile kazi ya kila nusu saa. Safe Mode nako kulikuwa kimya kwa sababu huko kazi za namna hiyo haziamki, sio kwamba nilikuwa nimeshinda.

Mbinu hii ina miaka mingi. Mwaka 2014 kilijulikana kirusi kinaitwa Poweliks ambacho kilikuwa hakiweki faili lake kwenye diski, kinaishi ndani ya rejistri tu, na pale kilipojiandika kilitumia herufi ambayo kihariri cha rejistri cha Windows kinashindwa kuionyesha, yaani hata ukifika mlangoni kwake huoni kitu. Cha kwangu hakikuwa na ustadi huo, tushukuru.

Lakini mbona Defender haikuona mti, ikawa inaona tunda tu, tena kwa kuchelewa? Shemeji akaniambia fungua Windows Security, nenda kwenye orodha ya vitu ulivyoiambia antivirusi isivikague. Nikamwambia sijawahi kuiambia hivyo, sijui hata hiyo orodha iko wapi. Nikaifungua. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ni folda nzima nyingine iliyoko ndani ya AppData, mwingine ni powershell.exe. Nilikaa nikaiangalia ile mistari miwili muda mrefu. Mtu aliingia ndani ya mashine yetu, akamwambia mlinzi wetu kwamba hapa na hapa usiangalie, na mlinzi akatii, kwa sababu amri ilitoka kwa mtu mwenye ruhusa ya admini, yaani msimamizi wa mashine. Na ruhusa hiyo alipewa na mmoja wetu alipobofya Yes.

Cha tatu kilikuwa kwenye brauza. Kuna ekstensheni, yaani kiprogramu cha nyongeza cha brauza, ilikuwa haina kitufe cha kuitoa, na chini ya menyu brauza inasema inasimamiwa na shirika lako. Kompyuta ya nyumbani haina shirika. Ukiona maneno hayo kwenye mashine yako binafsi, andika chrome://policy pale juu kwenye anwani uone. Kirusi kilikuwa kimeandika sera kwenye rejistri inayoilazimisha brauza kuweka ile ekstensheni, ndo maana hata nilipoitoa brauza yote na kuiweka upya ilikuja nayo.

Shemeji akanikumbusha habari ya DNSChanger, na tangu hapo huwa naisimulia. Hicho kilikuwa kinabadilisha mipangilio ya DNS, yaani pale kompyuta inapouliza tovuti fulani iko wapi, inaenda kuuliza kwa wezi. Novemba 2011 FBI walizima mtandao ule, kompyuta kama milioni 4 zilikuwa zimeguswa. Ila wangezima zile seva za wezi papo hapo, watu wote hao wangekosa intaneti, kwa sababu mashine zao bado zilikuwa zinauliza kule kule. Ikabidi seva safi ziwekwe badala yake na ziendelee kutembea mpaka tarehe 9 Julai 2012. Kirusi kinaweza kufa na mipangilio yake ikabaki hai. Kwahiyo tukaangalia DNS kwenye kompyuta, tukaangalia na kwenye ruta, tukabadilisha pasiwedi ya ruta ambayo ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Siku ya kutoa tulitoa mchana, simu iko kwenye spika. Kabla ya yote akauliza kama picha na hati zetu zina bekapu, na kama nina ule ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, wenye tarakimu 48, kwa sababu diski ikiwa imefungwa na ukaanza kuwasha mashine kwa njia zisizo za kawaida inaweza kuuomba, na ukiwa hauna ndo basi. Niliona kama anachelewesha. Akaniambia kuhusu Februari 2010, Microsoft walitoa update ya kawaida tu ya usalama na kompyuta nyingi zikagoma kuwaka, skrini ya bluu, kumbe zilikuwa na kirusi kinaitwa Alureon kilichojichimbia ndani kabisa ya mfumo, update ilipobadilisha pale kilipojishikiza, kirusi kikaanguka na mashine nzima. Kutoa kitu kilichoshikana na mfumo kunaweza kuangusha mfumo, hata kama unachofanya ni sahihi. Nikatafuta ufunguo, nikaupata kwenye akaunti ya Microsoft, nikauandika kwenye karatasi.

Alikuwa ameniandalia faili dogo linaitwa fixlist.txt. Ndani kuna maelekezo ya mashine yangu tu, ondoa kazi ile, ondoa kilichoandikwa kwenye rejistri, ondoa sera za brauza, ondoa zile ruhusa mbili za Defender, alafu mwisho kabisa ondoa folda. Mwisho kabisa! Mimi nilikuwa naanza na folda. Na alisisitiza sana kwamba faili hilo nisimpe mtu mwingine hata akiwa na tatizo linalofanana, na mimi nisije nikachukua la mtu, kwa sababu mstari ambao kwangu ni kirusi kwa mwingine unaweza kuwa ni dereva wa kifaa chake, na programu haiulizi, inatoa tu.

Mashine ikajizima, ikawaka. Nikaingiza pasiwedi. Hamna kidirisha. Shemeji akasema tusubiri nusu saa, na kweli tukasubiri, yeye kule hasemi kitu na mimi huku sisemi kitu, naangalia saa ya pembeni ya skrini. Dakika ya 30 ikapita. Ya 31. Nikaenda moja kwa moja kwenye Roaming, folda haipo.

Baada ya hapo tukatoa zile antivirusi mbili za ziada, alafu tukaendesha ile skani ya Defender inayofanyika kabla Windows haijawaka, ambapo kirusi hakina nafasi ya kujificha kwa sababu mfumo kinaouegemea bado haujaamka. Ikatoa mabaki mawili. Alafu nikaskani tena kawaida, na safari hii orodha ya vitu visivyokaguliwa iko tupu.

Mlango kilikoingilia tuliukuta kwenye Downloads. Mpwa wangu alikuwa anatafuta programu ya kuhariri video, akapata ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure, imekuja kwenye zip yenye pasiwedi, na maelekezo yanasema zima antivirusi kwanza. Nilimuuliza kwa upole kabisa na akanionyesha mwenyewe. Ile pasiwedi kwenye zip inawekwa ili antivirusi isiweze kuchungulia ndani, sio ya kumlinda yeye. Pasiwedi imeandikwa pale pale pembeni ya kitufe cha kupakua, sasa inamficha nani?

Shemeji akasema sasa sikia, mashine imeonekana safi, ila mimi ingekuwa yangu ningepiga Windows upya. Nilibisha. Nikamwambia jioni zote hizi za kusoma zilikuwa za nini basi? Akajibu kwamba hiki kitu kilikuwa na ruhusa zote kwa siku zisizopungua kumi, yeye ameona alichokiona kwenye ripoti, hawezi kuniapia kwa asichokiona. Niliufikiria usiku ule nikakubaliana naye, na huo ndo msimamo wangu mpaka leo, kirusi kikishakuwa cha aina ya kuiba pasiwedi, kitoe, alafu piga Windows upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye mashine nyingine safi, flashi ya kuanzia GB 8, na ufute sehemu zote za diski, usiache hata moja.

Na kumbe jibu la swali langu lilikuwepo. Ningepiga Windows siku ya kwanza bila kusoma chochote, ningebeba bekapu ya Downloads yote kama ilivyo, na ile zip ingerudi nayo kwenye mashine mpya, na mpwa wangu angeifungua tena kwa sababu video bado alikuwa hajaimaliza. Safari hii tulibeba picha na hati peke yake. Hakuna exe, yaani mafaili ya programu, hakuna zip, hakuna shotikati.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha kwenye Windows mpya ni kuionyesha mikia ya majina ya mafaili, kwa sababu ikija haijaguswa inaificha, na faili linaloitwa picha.jpg.exe linaonekana kama picha.jpg. Cha pili nikamfungulia mpwa akaunti yake isiyo na ruhusa ya admini, akitaka kuweka programu ananiita tunaangalia wote. Tukatafuta programu ya bure na halali ya kuhariri video, zipo nzuri tu. Juzi akaniita, nikadhani kuna tatizo. Alikuwa ameifungua flashi yake ya zamani, mikia inaonekana, akanyooshea kidole faili lenye alama ya video ambalo jina lake linaishia na .scr. Akaniuliza, "Mjomba, hili si video eti?" Nikamwambia sio, hiyo .scr ni programu. Akalifuta bila kulifungua.